Uyoga wa Porini na Elimu ya Wazee Wetu

"Nyumba yangu ina nguzo moja." Mtoto ye yote wa nchi isemayo Kiswahili akisikia kitendawili hiki hujibu upesi: Uyoga! Lakini mwulize swali la pili: Katika nyumba hizo za nguzo moja, ni ipi yenye chakula, na ni ipi yenye mauti? Hapo atanyamaza, ila kama amefundishwa. Na mafundisho hayo hayapatikani kwa kitendawili, wala kwa kitabu peke yake. Hupatikana kwa kutembea porini pamoja na mtu anayejua.

Wasomaji wapenzi, twataka kusimulia habari za uyoga wa porini katika nchi yetu ya Kanyaruchinya, kaskazini ya mji wa Goma, kwenye barabara ya Rutshuru. Labda wengine watasema: Uyoga ni jambo dogo, ni kitoweo cha maskini; historia ni habari za wafalme na vita. Sisi twajibu: Fuateni kikapu cha mama anayetafuta uyoga, nanyi mtaiona historia yote ya nchi hii: mlima uliowaka, msitu uliowekewa mpaka, vita vilivyofukuza watu, na elimu ya wazee ambayo ikikatika njiani, watoto hufa.

NCHI ILIYOZALIWA NA MOTO

Kanyaruchinya iko katika utemi wa Bukumu, teritori ya Nyiragongo. Mlima Nyiragongo wenyewe, wenye urefu wa meta 3,470 juu ya bahari, watutazama toka kaskazini. Mjerumani Graf von Götzen aliupanda mwaka 1894 akachungulia shimo lake, akaandika habari zake Ulaya. Lakini wazee wetu hawakungoja maandiko yake. Waliona mbingu ikiwa nyekundu usiku, wakajua ya kuwa mlima u hai.

Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka, na ziwa la moto lililokuwa ndani ya shimo likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Mawe yaliyoyeyuka yalishuka upesi kuliko mtu awezavyo kukimbia, na wengi walikufa mashambani mwao. Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka tena, na ufa ukashuka mpaka karibu na mji. Moto ukapita Munigi, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege na katikati ya Goma, ukaingia ziwa Kivu. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 ukatoka mara nyingine, ukaikata barabara ya Rutshuru, ukasimama Buhene, mahali palipo karibu sana na uwanja wa ndege.

Kwa sababu hiyo ardhi yetu haina umri mmoja. Shamba la udongo mweusi wenye rutuba laweza kupakana na mawe ya juzi. Mtu akitembea saa moja tu hupita juu ya moto wa nyakati mbalimbali: huu wa babu, huu wa baba, huu tuliouona sisi wenyewe.

Mawe hayo yakiisha kupoa huwa meusi, makali kama wembe, wala hayana udongo hata kidogo. Lakini baada ya miaka michache weusi ule hugeuka kijivu. Kijivu hicho si vumbi. Ni kiumbe hai, nao wenye elimu hukiita Stereocaulon. Katika Kiswahili cha shule viumbe vya namna hii huitwa kuvumwani, maana ni kuvu na mwani vilivyoungana kuishi pamoja. Mwani hutengeneza chakula kwa nuru ya jua. Kuvu hushika jiwe, hutunza maji, humlinda mwenzake. Polepole jiwe huanza kulika, vumbi hukusanyika katika nyufa, kangaga huota, kisha nyasi, kisha vichaka, na mwisho miti. Mbelgiji Jean Lebrun, mtaalamu wa mimea, alizungukia mawe hayo ya kaskazini ya ziwa Kivu katika miaka ya 1937 na 1938, na kitabu chake juu ya mimea yake kilichapishwa mwaka 1960.

Twasema habari hizi kwa nini? Kwa sababu uyoga nao ni kuvu. Jamaa yake ndiye aliyefungua jiwe ili nchi ipate kukaliwa. Uyoga wenyewe huja baadaye, wakati kuna majani yaliyooza, magogo yaliyolala, na mizizi ya miti. Juu ya mawe mapya hakuna cha kuokota. Kwa hiyo mtu anayetafuta uyoga kwetu hana budi kwanza kuijua historia ya mlima: moto ulipita wapi, na mwaka gani.

UYOGA NI KITU GANI

Watu wengi hudhani uyoga ni mmea. Sivyo. Mmea una rangi ya kijani na hujipatia chakula kwa nuru ya jua. Uyoga hauna rangi hiyo wala hauhitaji jua kwa chakula chake. Tena kile tunachokiokota si mwili wote. Ni kama embe juu ya mwembe. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba mno, nyeupe, zilizoenea ndani ya udongo au ndani ya gogo, nazo huishi miezi na miaka bila kuonekana. Mvua ikinyesha na joto likiwa la kadiri, nyuzi hukusanya nguvu na kusukuma tunda lao nje. Ndiyo maana leo hapana kitu, na kesho asubuhi pamejaa.

Namna za uyoga hutofautiana kwa chakula chake. Wa kwanza hula miti iliyokufa. Huo ndio unaoota kwenye magogo, mwingine laini kama sikio la mtu, mwingine umepangana kama vigae. Wa pili hula majani yaliyooza na samadi. Wa tatu hufanya urafiki na mizizi ya miti iliyo hai: hupa mizizi maji na madini, nayo miti huurudishia sukari. Wa nne ni ule wa mchwa, ambao watu wa Afrika wameupenda kupita wote.

Habari za mchwa zastahili kusimuliwa. Mchwa wa jamii hii hawawezi kuyeyusha miti na nyasi kavu tumboni mwao peke yao. Basi hutafuna nyasi na vijiti, huvipeleka ndani ya kichuguu, na kufanya bustani iliyo kama sega la nyuki. Juu ya sega hilo hupanda kuvu, nayo kuvu hulainisha chakula chao. Wenye elimu husema kazi hii ya kilimo ilianza hapa Afrika yapata miaka milioni 30 iliyopita, zamani sana kabla ya mwanadamu kushika jembe. Mvua za kwanza zikinyesha, kuvu ile ya chini husukuma uyoga, nao hupita katika udongo kwa mzizi mrefu mpaka utoke juu. Mfaransa Roger Heim aliupa ukoo huu jina la Termitomyces mwaka 1942. Mwaka 1980 wataalamu waliandika habari za mkubwa kupita wote, wa nchi ya Zambia: kofia yake huweza kufika meta moja kwa upana. Mpaka leo watu hawajafaulu kuulima kama mchwa wanavyoulima.

Juu ya mawe mapya mchwa hana udongo wa kujengea. Basi kwetu uyoga huu hutafutwa penye udongo wa zamani, nao wa magogo hutafutwa kando ya msitu. Hapo pia twaona ya kuwa kuokota uyoga ni kuisoma nchi.

SHULE YA NJIANI

Tangu zamani kazi hii ilikuwa ya jamaa nzima, na hasa ya nyanya, mama na watoto. Jua la Juni, Julai na Agosti likiisha, mvua za Septemba zikaanza, watu hungoja usiku wa mvua nyingi. Asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali na kabla funza hawajaingia katika uyoga, huondoka. Nyanya hutangulia na fimbo, mama hufuata na kikapu, watoto huja nyuma.

Mtu asiyejua angewaona kama watu wanaotembea tu. Kumbe ni shule, na shule hiyo ina sheria. Sisi tunaofundisha watoto chini ya dari na mbele ya ubao twaziona sheria hizo kuwa zimepangwa kwa akili nyingi.

Sheria ya kwanza: uyoga usio na jina hauingii kikapuni. Haitoshi kusema "huu ni kama ule wa jana." Atakayeutaja kwa jina ndiye atakayeuchuma. Kila lugha ya nchi zetu ina majina yake. Warundi huuita uyoga ubwoba, Wanyarwanda ibihumyo, Waganda obutiko, na chini ya jina hilo kubwa kuna majina mengine madogo, kila moja kwa namna yake. Jina ni ushuhuda wa watu waliokula wakaishi.

Sheria ya pili: uyoga haukatwi juu, hung'olewa mpaka chini. Mtoto akikata shina katikati, amepoteza habari iliyo kubwa. Uyoga wa mchwa una mzizi mrefu unaoshuka ardhini, na mara nyingi kofia yake ina ncha katikati, maana ndiyo iliyotoboa udongo. Lakini uyoga wa ukoo wa Amanita, ambao ndani yake wamo wauaji wakubwa kuliko wote duniani, mara nyingi una kitu kama kikombe au mfuko chini kabisa ya shina, uliofichwa na udongo. Asiyefukua hataona kikombe.

Sheria ya tatu: mtoto huonyesha kwanza, kisha huweka. Kila alichookota hukileta mkononi mwa nyanya. Nyanya hugeuza, hutazama chini ya kofia, hunusa, huvunja, kisha husema: Huu ndio, huu sio. Wala hasemi "sio" akanyamaza. Humwonyesha mtoto sababu: Tazama rangi hii ya kijani chini ya kofia, tazama pete hii, tazama mahali ulipoota. Ukitaka mfano, kuna uyoga mweupe wenye magamba ya rangi ya udongo unaopenda kuota majanini karibu na nyumba, nao uzeeni hugeuka kijani chini ya kofia. Wataalamu huuita Chlorophyllum molybdites. Umeenea katika nchi zote za joto, wapendeza macho, na huwatapisha vibaya wanaoula.

Sheria ya nne: anayejua na asiyejua hawachangi kikapu kimoja. Uyoga mmoja mbaya ukivunjika katikati ya mizuri, vipande havijulikani tena.

Sheria ya tano: mdogo sana huachwa, na mzee sana huachwa. Ule mdogo haujaonyesha sura yake, na ule mzee umekwisha kuipoteza.

Lakini njiani watoto walijifunza mengine pia. Nyanya akipita penye jiwe husema: Hapa palikuwa na shamba la mjomba wako kabla ya moto wa 1977. Akipita penye mti husema: Chini ya mti huu tulilala siku ile ya kukimbia. Huyu ni jirani, tuombe njia. Hapa ndipo mpaka, tusivuke. Basi matembezi ya uyoga yalikuwa daftari la jamaa. Mtoto alirudi na kitoweo, tena alirudi na nchi nzima kichwani.

Tena tusidhani mambo haya ni ya watu wa chini peke yao. Katika ufalme wa Buganda uko ukoo mzima uitwao Butiko, yaani uyoga. Watu wa ukoo huo hawali uyoga, kwa maana ndio mwiko wao, nayo ngoma ya Amaggunju iliyochezwa mbele ya Kabaka ni ngoma ya ukoo huo. Jambo dogo halipewi heshima kama hiyo.

MSITU ULIPOWEKEWA MPAKA

Tarehe 21 Aprili 1925 Mfalme Albert I wa Ubelgiji alitoa amri ya kuanzisha hifadhi katika milima ya Virunga, hasa kwa ajili ya ngagi, yaani gorila wa milimani. Mmarekani Carl Akeley ndiye aliyekuwa ameomba kwa bidii kwamba wanyama hao walindwe. Alikufa mwaka 1926 kwenye mlima Mikeno, akazikwa huko huko. Mwaka 1929 hifadhi ilipanuliwa sana. Mwaka 1969 ikapewa jina la Virunga, na mwaka 1979 ikaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Upana wake ni kilometa za mraba 7,800 hivi.

Sheria ya hifadhi ni moja kwa mwenye bunduki na kwa mwenye kikapu: hairuhusiwi kutoa kitu ndani yake, si mnyama, si kuni, si uyoga. Basi nyanya aliyekwenda alikokwenda mama yake, alionekana mwizi siku ile alipovuka mpaka.

Hapa yafaa tuseme ukweli wa pande mbili. Ukweli mmoja ni kwamba bila mpaka ule pengine leo tusingekuwa na msitu wa kuuzungumzia. Twaona milima mingi mingine iliyokwisha kuwa mashamba matupu, na msitu ukiisha, uyoga wake nao huisha. Ukweli wa pili ni kwamba mpaka ulichorwa na watu wa mbali, na wenye kulipa gharama walikuwa watu wa karibu. Elimu iliyotembea ndani ya msitu ilibaki nje, na kila kizazi kikaijua nusu ya kile kilichotangulia. Matembezi yakahamia kando ya mashamba, katika migomba, na chini ya mikaratusi iliyopandwa kwa kuni. Na uyoga unaoota chini ya mti uliotoka ng'ambo si lazima uwe ule aliojua nyanya.

VITABU VYA UYOGA

Wakati ule ule watu wengine walikuwa wakiandika. Huko Binga, upande wa kaskazini-magharibi wa Kongo, aliishi Bibi Goossens-Fontana, ambaye alikusanya uyoga na kuuchora kwa rangi ukiwa bado mbichi, maana ukikauka hupoteza rangi na sura. Michoro yake ilimsaidia Mbelgiji Maurice Beeli, na kuanzia mwaka 1935 vikatoka Bruxelles vitabu vikubwa vyenye picha za uyoga wa Kongo. Mwaka 1958 Roger Heim aliandika katika mfululizo huo sehemu ya uyoga wa mchwa.

Baadaye wengine walifuata. Mwaka 1994 Bart Buyck alitoa kitabu juu ya uyoga unaoliwa magharibi ya Burundi, akakipa jina la Kirundi: Ubwoba. Mwaka 2003 Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Tanzania, walitoa kitabu juu ya uyoga wa Tanzania, ule unaoliwa na ule wenye madhara. Mwaka 2017 kilitoka kingine juu ya uyoga unaoliwa wa Haut-Katanga, kule ambako akina mama huuza uyoga kando ya barabara majira ya mvua.

Twavisifu vitabu hivi. Lakini angalieni jambo moja: waandishi wengi wa namna hii walikwenda vijijini wakauliza akina mama na wazee. Elimu ilitoka njiani ikaingia kitabuni. Nayo si rahisi kurudi njiani. Picha huonyesha uyoga wa saa moja tu, na uyoga hubadilika toka asubuhi hadi jioni. Huwa kama yai, kisha kama mwavuli, kisha kama sahani. Tena kitabu hakinusi, wala hakishiki mkono wa mtoto na kumwambia: Acha.

NJIA ZILIPOKATWA

Sasa twafika kwenye sehemu iliyo nzito.

Mwezi wa Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi toka Rwanda walivuka mpaka wakaingia Goma kwa siku chache tu. Kambi zikajengwa juu ya mawe ya moto, na mojawapo, ya Kibumba, ilikuwa kwenye barabara yetu hii. Kipindupindu kiliua maelfu, na jiwe likakataa kuchimbwa hata makaburi. Watu wale walihitaji kuni za kupikia, nao msitu ulikuwa karibu. Mwaka ule ule hifadhi ya Virunga iliandikwa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Kisha ikawa zamu ya watu wa nchi yenyewe. Mwaka 2008 waliokimbia vita walijaa Kibati. Mwaka 2012 walijaa Kanyaruchinya. Na mwezi wa Novemba, vita ya M23 ilipokaribia na Goma kutekwa tarehe 20, wakaondoka tena kwenda Mugunga. Mwishoni mwa Oktoba 2022, Rutshuru na Kiwanja zilipotekwa, barabara ilijaa watu wenye magodoro kichwani, na Kanyaruchinya ikawa mji wa vibanda. Mwezi wa Januari 2025 Goma ilitekwa tena, na mwezi wa Februari kambi zikavunjwa, watu wakatawanyika, wengine kurudi kwao, wengine kutafuta mahali pengine.

Katika miaka ile ya vibanda, chakula cha msaada hakikutosha. Mama hakuwa na shamba, lakini alikuwa na watoto. Kama angalikuwa kwao, angalijua pa kwenda. Hapa alikwenda asikokujua, kutafuta kuni, mboga na cho chote. Mwaka 2023 madaktari wa shirika la MSF walieleza kwamba katika kambi zilizouzunguka mji wa Goma waliwatibu mamia ya wanawake waliotendewa jeuri, na wengi wao walikuwa wameshambuliwa walipokwenda kutafuta kuni au chakula. Basi njia iliyokuwa shule ya jamaa iligeuka mahali pa hofu. Akina mama wakaacha kwenda na watoto. Mtoto aliyezaliwa kambini mwaka 2022 alianza kutembea bila kuonyeshwa hata uyoga mmoja.

Lakini hatari nyingine haina bunduki. Mtu aliyetoka katika malisho ya Masisi au tambarare za Rutshuru anaijua nchi ile kweli. Macho yake hayamdanganyi huko. Akija kwenye ardhi nyingine, macho yale yale yaweza kumdanganya. Uyoga mwema wa kwao unaweza kuwa na pacha mwovu hapa. Elimu yake ni ya kweli, ila ni ya mahali.

Ukitaka kuona jambo hili lilivyo, sikia habari za mbali. Mwezi wa Agosti 2021 jamaa moja ya Afghanistan iliyokimbia vita ilipelekwa Poland, ikakaa katika kituo cha wakimbizi karibu na Warszawa, penye msitu. Waliokota uyoga, wakaupika. Ulikuwa ni ule uitwao Amanita phalloides. Ndugu wawili wadogo, mmoja wa miaka 5 na mwingine wa miaka 6, walikufa mwanzoni mwa Septemba, ingawa madaktari walimpa mmoja wao ini la mtu mwingine. Watoto wale waliponyoka Kabul, wakafia mahali pa amani, kwa sababu hapakuwa na mtu wa nchi ile aliyetembea nao na kusema: Huu sio.

Kifo cha namna hii hakichagui mtu. Waandishi wa Roma ya kale walisimulia kwamba Kaisari Claudius, aliyekufa mwaka 54, alilishwa uyoga wenye sumu. Kaisari mwenye wapishi wengi, na mkimbizi mwenye sufuria moja, wote huhitaji mtu mwaminifu anayejua.

MANENO YA UONGO YAUAYO

Kwa kuwa elimu ya kweli ikipungua uvumi huongezeka, yafaa tutaje maneno yanayosemwa sana, nayo si kweli.

Husemwa: Ukipika sana, sumu huisha. Si kweli. Sumu ya Amanita phalloides na ya wenzake haiondolewi na moto, wala kwa kukausha, wala kwa kumwaga maji ya kwanza. Husemwa: Ukiliwa na konokono au funza, hata mtu aweza kula. Si kweli; tumbo la konokono si tumbo la mtu. Husemwa: Tia kijiko cha fedha au kitunguu katika sufuria, kikigeuka cheusi, ndiyo sumu. Si kweli. Husemwa: Uyoga mbaya una ladha chungu au harufu mbaya. Si kweli, waliopona mara nyingi husema ulikuwa mtamu.

Lililo baya zaidi ni hili: sumu hiyo haiumi mara moja. Mtu hula, hulala salama, na baada ya saa 6 au 12, au hata zaidi, ndipo huanza kutapika na kuharisha. Kisha siku ya pili huweza kupata nafuu, na jamaa hushukuru wakidhani amepona. Kumbe wakati huo ini linaharibika. Basi ye yote anayeugua baada ya kula uyoga apelekwe hospitali mara hiyo hiyo, hata akiona nafuu, pamoja na wote waliokula chungu kimoja. Na mabaki ya uyoga yachukuliwe ili mganga ayaone.

TUFANYE NINI

Hatuwezi kuuzuia mlima. Hatuwezi, sisi watu wadogo, kuzima vita. Lakini lipo tuwezalo.

Wenye wazee nyumbani, watembeeni pamoja nao kabla hawajaondoka. Mahali palipo salama na nje ya mpaka wa hifadhi, waacheni wawaonyeshe watoto, na watoto watamke majina kwa lugha ya nyanya yao. Majina hayo yaandikwe katika daftari, na kando yake mahali, mwezi, na alama. Daftari halitatosha, lakini litamkumbusha mtoto aliyetembea.

Mgeni, mtu aliyekuja kwetu kwa kukimbizwa au kwa kurudi baada ya miaka mingi, asione haya kuuliza. Kuuliza si ujinga. Asiyeuliza ndiye mjinga. Na mwenyeji asimcheke, wala asimfiche. Tangu zamani watu walificha mahali pao pazuri pa uyoga, na jambo hilo halina ubaya. Lakini kuficha mahali ni jambo moja, na kumficha jirani sumu ni jambo lingine. Mwenyeji akiona kikapu cha mgeni, na akitazame.

Na kama hapana mtu wa kuuliza, watoto wafundishwe neno moja: uyoga usioujua, uache. Njaa ya usiku mmoja ni chungu, lakini kesho yake mtu huamka.

Nchi yetu ni nchi ya kuanza upya. Baada ya kila moto kuvu ndogo ya kijivu huja juu ya jiwe, hutangulia, na wengine hufuata. Elimu ya wazee nayo hurudi hivyo hivyo, polepole, kwa mzee mmoja na mtoto mmoja, asubuhi moja baada ya mvua. Septemba ikija, mzee asiende peke yake.